Kifua cha Mkwe Wangu

Mwaka ninaousema ni ule ambao mpunga uligoma mashambani, hata harusi za mjini Nyasubi zikapika ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na wali ukabaki chakula cha wagonjwa. Sisi huku Kagongwa tulikula michembe asubuhi, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa jioni, ambayo ni viazi vilevile, ila vimechemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Katika njaa hiyo binti yangu wa mwisho alikuja nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Mdogo kama sungura aliyechunwa, lakini mzuri, paji la uso la baba yangu mzazi. Nikimtazama nawaonea huruma majirani na watoto wao. Muuguzi alipoturuhusu kurudi nyumbani alisema mapafu ya huyu bado machanga, asikaribiwe na mtu mwenye mafua. Shule yangu iliishia darasa la tatu, ila nikiambiwa jambo, nalishika.

Mkwe wangu alikuwa Bugarama, analisha mawe kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Alipopata habari akaja kwa pikipiki, na kitenge, na sabuni. Nilimsikia kabla sijamwona. Kikohozi ndicho kilichotangulia uani.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawapeani mikono. Akija yeye, mimi najifungia jikoni, naye anachuchumaa nyuma ya ukuta, tunasalimiana kila mtu akiongea na matofali.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Hicho kifua umekiokota wapi?"

"Vumbi tu, mayu. Vumbi la karasha."

Vumbi! Huku kwetu vumbi la karasha limebebeshwa kila ugonjwa. Mtu akikohoa, vumbi. Akitetemeka, vumbi. Akianguka kitandani, basi vumbi limezidi. Mimi nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Jua la saa nane linachoma, yeye kavaa koti, kalifunga hadi shingoni. Dereva wa pikipiki aliyemleta naye anapenga kamasi. Nikajiuliza, na huyu naye anasaga mawe? Tangu lini vumbi likatoka kwa abiria likahamia kwa dereva?

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, anasomea uuguzi. Alikuwa likizo, anakoroga uji wa mzazi palepale jikoni.

"Hebu niambie," nikamwambia. "Haya mafua makali yakiingia ndani ya mtu, yanafanya nini huko?"

"Bibi, mwili umejengwa na vitu vidogo sana, vinaitwa seli. Kirusi cha mafua ni kidogo kuliko seli, na peke yake hakiwezi hata kuzaana."

"Nani amekiona?"

"Wenye darubini kubwa. Nisikilize basi. Chukulia seli ni karasha. Karasha haliulizi jiwe ni la nani. Kirusi kinajishika kwenye sukari iliyo nje ya seli, halafu seli yenyewe inakimeza."

"Mjinga huyo."

"Sana. Kikishamezwa kinapenyeza maagizo yake mpaka chumba cha ndani, anakokaa mkuu wa kazi. Huko kila kiroba cha mwenye mashine kina alama mdomoni, bila hiyo hakisagwi. Kirusi kinazikata alama hizo, kinazifunga kwenye viroba vyake."

"Mwizi!"

"Basi mashine inasaga mali ya mwizi, ya mwenyewe imelala. Vinazaliwa virusi chungu nzima, vinatokea ukutani, vinakata ile sukari isivinase, vinakwenda kwa jirani. Mashine ya kwanza inachoka, inakufa."

Nimeishi na wachimbaji. Nimeona mtu anaingia kwenye shimo la mwenzake kama kibarua, baada ya muda mwenye shimo ndiye anayeomba maji ya kunywa. Kwa hiyo nilielewa. Lakini nikauliza tena, kwa sababu sipendi kudanganywa na mtoto niliyemnawisha uso.

"Na vumbi?"

"Vumbi linakwaruza kifua, bibi. Halizai."

Nikamtuma akamwambie mkwe mtoto hatamshika. Akaenda, akarudi ameshika mdomo.

"Anasema mwanaume hakatazwi damu yake. Anauliza kama mnamficha mtoto kwa sababu hafanani naye."

Binti yangu alisikia kutoka chumbani, akaanza kulia. "Mama, utanivunjia ndoa! Ndugu zake watasema mtoto ana baba mwingine."

"Waseme. Wakimaliza kusema, mtoto atakuwa anapumua."

Hakunisikiliza. Akamfunika mtoto kwa khanga, akatoka naye chumbani. Mkwe naye akainuka pale ukutani, akaja mlangoni mikono mbele. Nikatoka jikoni, nikasimama katikati ya mlango, nikamtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu alipoleta ng'ombe wa mahari. Macho mekundu, midomo imekauka, jasho linamtiririka ndani ya koti. Akashtuka, akainamisha kichwa. Mimi sikuinamisha.

"Mtoto humshiki mpaka kifua chako kinyamaze."

"Mayu, nimwone sura tu."

"Sura utaiona dirishani."

Akazunguka nyumba. Binti yangu akamwinua mtoto nyuma ya kioo kilichofungwa, akamvua kofia. Masikio yakachomoka pande zote mbili kama vishikio vya sufuria, na nje ya kioo kulikuwa na mengine mawili hivyohivyo, ila makubwa. Mjukuu wangu akacheka kwanza. "Baba mdogo, hayo masikio mmeyatoa kiwanda kimoja?" Mkwe akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Binti yangu akaacha kulia.

Akarudi mlangoni, anapangusa pua kwa mkono wa koti.

"Mayu, ni wangu kweli. Basi kidole tu. Nimguse kwa kidole kimoja."

"Mtoto humshiki mpaka kifua chako kinyamaze."