Mwaka Waarabu Walipofunga

Nilipokuwa mtoto pale Mahurunga niliamini, tena bila chembe ya shaka, kwamba Waarabu wote duniani walikuwa wamefunga saumu ya mafuta. Si ya chakula, ya mafuta. Kwamba wamekaa huko kwao mchangani, midomo mikavu, visima vyao wamevifunika kwa makawa makubwa, wanangoja mwezi uandame. Siku watakayofungua, mafuta yatatiririka kutoka huko mpaka kwenye kibatari cha bibi yangu.

Cheka tu, ndugu yangu. Hata mimi nilicheka wiki iliyopita hapa Likombe ninakoishi sasa, kijana wa bodaboda aliponitajia nauli ya kwenda mjini nikashika mti nisianguke.

"Mbona hivyo, mwanangu? Mjini kumehamia Msumbiji?"

"Petroli imepanda, mzee. Waarabu wamefunga tena."

Wamefunga tena! Nikamwambia aende zake, nitatembea. Na njia nzima sikuiona barabara wala watu. Nilikuwa nimerudi Mahurunga, nina meno ya utotoni, mapengo mawili mbele.

Jirani yetu alikuwa dereva wa lori la ushirika, na ndiye peke yake mwenye redio mtaani kwetu. Betri nazo zilikuwa adimu, kwa hiyo kila asubuhi alizianika juani, kwenye jamvi lilelile la makopa ya muhogo ya bibi. Naapa ugali wetu mwaka ule ulikuwa na umeme. Ukimeza tonge unasikia taarifa ya habari. Jioni tulijazana barazani kwake. Siku moja redio ikasema, kwa sauti ya mtu aliyezama kisimani, "Waarabu wamefunga..." Ikakoroma, ikanyamaza. Betri zimekufa.

"Wamefunga?" bibi akauliza. "Na Ramadhani bado?"

"Wale ndio wenye dini yao, mama," dereva akajibu huku akiipiga redio makofi. "Hata sunna wanafunga."

"Basi wakifunga watafungua," akasema bibi, akaendelea kumenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.

Ikawa imekwisha hiyo. Watu wazima waliifanya mzaha, mimi nikaifanya imani.

Mafuta ya taa yalipoisha dukani, bibi alitunga mbegu za mbarika, zile zenye mafuta ya nyonyo, kwenye kijiti akaziwasha. Ziliwaka kwa hasira, zikitoa moshi mzito, na asubuhi kijiji kizima kiliamka na pua nyeusi kama masizi ya chungu. Sabuni ikapotea, sukari ikaifuata, kana kwamba vitu vilikuwa vinaitana. Tukasikia amri kwamba Jumapili mchana magari ya watu binafsi yasitembee, kubana matumizi. Sisi Mahurunga tuliitii amri ile kuliko Watanzania wote, maana hatukuwa na gari hata moja.

Lililokuwepo ni lile lori la ushirika, nalo limelala chini ya mkorosho. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Ghala lilifura korosho zisizo na wa kuzipeleka bandarini, na ukipita mlangoni unasikia harufu yake, tamu kidogo na chungu kidogo, kama kitu kinachokasirika polepole. Wakulima walikuwa wakija, wakilitazama lori, wakirudi mashambani.

Ndipo dada yangu akaja kujifungulia nyumbani. Mimba ya kwanza. Huyu ndiye aliyenilea. Alinibeba mgongoni hata nilipokuwa mkubwa, miguu yangu ikifagia njia. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi daima kwa utomvu wa maganda, maana hakuna aliyeweza kubanika korosho kama yeye. Alizitupa kwenye bati lenye matobo, moto ukaruka mpaka darini, akacheka, akazimwagia mchanga. Halafu anazigonga kwa jiwe, tak, tak, na kila ya tatu inaingia mdomoni mwangu ingali ya moto.

Kila Magharibi alinituma nje.

"Katazame mwezi wao. Wamefungua?"

Natoka, nakodoa macho mpaka shingo inauma, narudi. "Bado."

"Basi na huyu wa tumboni naye atafunga nao," anasema, akijishika kiuno kwa kicheko. "Ila mwambie asikawie. Mgongo wangu huu siyo wa ushirika."

Uchungu ulimshika siku moja baada ya swala ya adhuhuri. Bibi yangu alikuwa amewazalisha wanawake wa Mahurunga tangu enzi za wakoloni, mikono yake ilijua kila kitu. Lakini siku ile alitoka ndani amekunja uso, akanishika mabega kwa nguvu.

"Kimbia kwa dereva. Mwambie ntoto amelala vibaya tumboni, huyu ni wa hospitali ya mjini. Ntoto wewe, usisimame njiani!"

Nilikimbia, ndugu yangu. Ningeweza kumpita swala. Nikamkuta dereva amechutama kando ya lori, anasokota kipande cha kamba. Nikampa maneno ya bibi yote, sikuacha hata moja. Alisimama. Akaliangalia lori, akaliangalia ghala, kisha akaangalia chini kwa muda mrefu, kama mtu aliyedondosha sindano.

"Kamwambie bibi yako," akasema, "Waarabu bado wamefunga."

Nikapeleka jibu lile nyumbani nikihema, tena kwa heshima, kama amana. Bibi akaita, "Nnungu wangu!" akamwomba Mungu kwa Kimakonde chake, halafu akatafuta wanaume. Walimlaza dada kwenye kitanda cha kamba, wakakifunga kwenye miti miwili, wakambeba mabegani kwa zamu. Alipopita mbele yangu alikuwa ameuma kitenge. Aliachia kidogo, akaniambia nimtunzie bati lake la korosho lisiibwe.

Hawakufika hata nusu ya njia. Walirudi asubuhi, wanatembea polepole. Tukawazika wawili pamoja, upande wa mashamba ya mpunga, na mvua ikanyesha.

Ukubwani nikasoma shule ya jioni, nikahitimu nikiwa na ndevu kumshinda mwalimu. Siku mwalimu alipotufundisha habari za mafuta, nikanyoosha mkono, nikauliza ile saumu iliishaje. Darasa zima likaanguka chini ya madawati. Mwalimu alipomaliza kufuta machozi akanieleza: nchi zile zilipunguza kuuza, kwingine kukawa na vita na mapinduzi, bei ikaruka mara mbili katika miaka ile, nasi tuliokuwa tukinunua kwa fedha za kigeni tukabaki tunauza korosho, kahawa na pamba ili magari ya kubebea korosho, kahawa na pamba yapate kunywa. Nilifurahi kuelewa. Nikaona dada yangu aliuawa na dunia, na dunia huwezi kuishtaki.

Sasa gesi inatoka hapo Madimba, bomba limeelekea Dar es Salaam, nami bado napikia mkaa. Siku hizi hakuna anayenigongea korosho kwa jiwe. Zinauzwa kwenye vifuko, zote nyeupe, zote za ladha moja. Bati la dada nililitunza mpaka kutu ikalila likawa unga. Sauti ya tak, tak siisikii popote, na sijui mtu mwingine aliye hai anayeikumbuka.

Kwa hiyo Jumamosi nikaenda Mahurunga kumtafuta yule dereva. Yu hai, macho yamefifia, anaishi kwa binti yake. Nikamkuta uani anakunywa uji. Nikampelekea habari ya kijana wa bodaboda nikiwa nimeitia chumvi ya kutosha, nikamwambia, "Babu, Waarabu wamefunga tena! Unakumbuka ulivyonituma kwa bibi?"

Hakucheka. Aliweka kikombe chini, akakipapasa mpaka akahakikisha kimesimama.

"Hawakufunga, mwanangu," akasema. "Dizeli ilikuwepo. Pipa lilikuwa ghalani, nyuma ya magunia. Niliambiwa ni la msafara wa mkubwa anayekuja kutuzungumzia kubana matumizi, nikilifungua nitafungwa. Na huyo mkubwa mwenyewe hakuja."