Bibi Pindo na Jemedari wa Chini ya Cherehani

Bibi Pindo, binti wa Mchoma Tofali aliyejenga ukuta wa soko kwa mikono yake na ya nduguze wawili, mjukuu wa mkunga aliyevuka mto uliofurika akiwa na wembe na uzi ndani ya kilemba. Fundi cherehani kwa miaka arobaini na mitatu, aliyewashonea sare watoto na kisha watoto wa watoto wale, na ambaye siku moja alimtoa mwizi dukani kwa rula ya mbao huku pini zimemjaa mdomoni: huyo ndiye aliyekuwa amesimama juu ya kiti saa tatu asubuhi, sketi ameikusanya kwa mikono miwili, akimwogopa sungura.

Sungura mwenyewe alikuwa chini ya cherehani. Masikio ameyalaza mgongoni, macho hayapepesi. Kila Bibi Pindo aliposhusha mguu, sungura aliguna kwa pua, mguno mnene usiofanana na mnyama wa ukubwa ule, na mguu ukarudi juu.

Alikuwa zawadi. Binti yake, muuguzi, alimleta miaka miwili nyuma ndani ya boksi la viatu, siku alipoolewa akahamia mtaa wa tatu, ili nyumba isipoe sana. Muuzaji alisema ni dume, wakamwita Jemedari. Miaka miwili alikuwa mpole wa kupindukia, analala juu ya miguu ya Bibi Pindo inapopumzika. Kisha, bila neno wala sababu, akageuka. Kwanza aliuma kidole gumba cha mguu juu ya pedeli. Siku ya nne akauma mkono, akatoboa kidole cha shahada mpaka damu ikatonea shati la mteja. Bibi Pindo akakivalisha subana, ile kofia ya chuma ya kushonea, na tangu hapo hakuivua mbele ya mtu.

Alificha kwa sababu ya Jumatatu. Jumatatu hiyo binti yake alikuwa anarudi wodini. Mkubwa wake alishamwambia kwamba akiomba ruhusa tena, nafasi yake itapewa mwingine. Mtoto wake wa miezi tisa angeshinda hapa, kwa bibi yake, kwenye sakafu hii. Na mtoto alishaanza kutambaa.

Leo ilikuwa Jumamosi.

"Shangazi, unabadilisha taa?" Alikuwa fundi viatu wa kibanda cha pili, kichwa amekiingiza mlangoni.

"Nenda kashone soli zako."

"Maana taa iko kule, wewe uko huku." Akachungulia chini ya cherehani, akacheka mpaka akashika mlango. "Kumbe ni huyo! Nipe mimi. Mchana tunamla, jioni umeshamsahau, na manyoya nakutilia ndani ya viatu upate joto."

"Ukimtaka, ingia umchukue."

Fundi viatu akatia mguu mmoja ndani. Jemedari akapiga sakafu kwa mguu wa nyuma, du! Mguu wa fundi viatu ukatoka ulikoingilia.

"Nimekumbuka kuna mteja ananisubiri," akasema, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Bibi Pindo angecheka, lakini alisikia sauti ya binti yake barabarani. Akateremka kitini upesi, akanyoosha sketi, akajipa uso wa kila siku.

"Mama, hujambo? Mbona unatoka jasho?"

"Joto la pasi, mwanangu. Karibuni."

Pasi ilikuwa baridi mezani. Muuguzi hakuiangalia. Alimweka mtoto sakafuni dakika moja tu, apate kutoa nguo zake mkobani. Mtoto akatazama huku, akatazama kule, akaona kitu cheupe chini ya cherehani. Akacheka, akaanza kutambaa.

Moyo wa Bibi Pindo ukaenda mbio kama cherehani isiyo na kitambaa. Alitaka kusema, "Mshike!" Lakini akisema, binti angeuliza kwa nini, na akiuliza, Jumatatu imekwisha. Kwa pumzi moja alinyamaza. Katika pumzi hiyo mtoto alitupa mikono yake miwili, mara tatu, sakafuni. Masikio ya Jemedari yakalala. Mguno ukaanza.

Hapo ndipo mwanamke wa miaka sitini na minane alipojitupa chini kama mlinda mlango. Jemedari aliruka wakati huohuo. Meno yakakuta mkono wa bibi, juu kidogo ya kiganja, yakashika, yakang'ang'ania. Bibi Pindo hakupiga kelele. Alimsukuma mtoto nyuma kwa mkono wa pili, ndipo akausikia uchungu.

Muuguzi alimnyakua mtoto, akamgeuza huku na huku, akamkagua vidole kimojakimoja. Mzima. Akamtia kitini, akamfunga kwa khanga, kisha akaushika mkono wa mama yake na kuuosha kwa sabuni na maji mengi. Alipofika kidoleni, akavua subana.

"Jeraha hili ni la leo?"

"La leo."

"Mama, mimi ni muuguzi."

"La Jumatano," akasema Bibi Pindo.

"Ulijua. Ulijua, ukaniacha nimweke mtoto chini."

Bibi Pindo hakuwa anamwogopa sungura tena. Alikuwa anaiogopa ile pumzi moja.

"Mwite fundi viatu," akasema mwishowe. "Amchukue."

"Atamshika nani? Amekimbia, nimepishana naye." Muuguzi akachukua simu, akampigia daktari wa mifugo.

Daktari alikuja na taulo nene na tochi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alilala kifudifudi sakafuni, akamulika, akakaa hivyo muda mrefu.

"Nani aliwaambia huyu ni dume?"

"Muuzaji."

"Basi hakumgeuza akamkagua. Huyu ni jike. Tazameni kifua, amejing'oa manyoya. Amejenga kiota. Amejidhania ana mimba, inawatokea. Anawalinda watoto ambao hawapo." Akainuka, akajikung'uta. "Lakini kiota ni kipya, kama amekianza jana. Kuna mtu anakivunja?"

Bibi Pindo alikaa kitini polepole. Kila jioni, baada ya kufunga kazi, Jemedari anapokula uani, bibi alikuwa anaingiza mkono chini ya cherehani na kukusanya mabaki ya vitambaa ya kujazia mito. Kwa siku tisa mfululizo aliyakuta yamefinyangwa pamoja na manyoya, akayatoa yote, akafagia, huku anafoka, "Mwizi wa vitambaa we!" Mjukuu wa mkunga! Jioni tisa aliingiza mkono kwenye kitanda cha uzazi akakikomba, na asubuhi akashangaa kuumwa.

"Mimi," akasema.

"Mkimwachia, itapita. Wiki mbili na siku kadhaa. Inaweza kurudi mwakani. Mkitaka nimchukue sasa, sitawalaumu."

Wote wakamtazama Bibi Pindo. Aliogopa kumbakiza, aliogopa kumtoa. Akautazama mkono wake uliofungwa, kisha mtoto aliyekuwa anatafuna ncha ya khanga.

"Hatoki," akasema. "Aliyekosa ni mimi. Ila humu chumbani hakai tena. Ataishi stoo."

Stoo ya vitambaa ilikuwa nyuma, ina dirisha na mlango wa mbao wenye kufuli. Daktari alimfunika Jemedari kwa taulo, akambeba. Bibi Pindo akakiinua kiota kwa viganja viwili bila kukibomoa, pumzi ameibana, hatua kwa hatua, akakiweka kwenye kona chini ya majora. Taulo lilipofunuliwa Jemedari alipiga sakafu, akamgunia, kisha akaingia kiotani. Bibi Pindo alirudi kinyumenyume mpaka nje.

Daktari alipoondoka, muuguzi alibaki amesimama, mtoto kifuani, hajamteremsha.

"Mama, na ukisahau kufunga?"

Swali hilo Bibi Pindo aliliogopa kuliko yote. Akafungua mdomo kujibu kwa ukali, kisha akaufunga. Akatoa ufunguo wa stoo shingoni, ambao hakuna mtu aliyewahi kuushika tangu alipofungua duka, akauweka mkononi mwa binti yake.

"Nitasahau, mwanangu. Nimeshaanza kusahau. Jioni ukimchukua mtoto utaniachia kufuli wazi, nami nitampa chakula alfajiri kabla hamjafika. Kufunga ni kazi yako, kuanzia Jumatatu. Usimteremshe mtoto kabla hujafika kwenye ule mlango. Nikikwambia nimeshafunga, usinisikilize. Nenda, livute kufuli kwa mkono wako, na ufunguo uende nao wodini."