Wino Uliomshinda Dobi

Mume wangu ni karani wa vizazi, na mimi ni dobi. Kazi yake ni kuandika mambo yasifutike. Yangu ni kufuta. Ukiona watu wa namna hii wamekaa nyumba moja miaka thelathini na mmoja bila ndugu kuitwa kikao, usidhani ni mapenzi matupu. Kuna sabuni nyingi sana imetumika hapo katikati.

Kazi yake sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kalamu. Ni kalamu ya wino, ile ya kunyonya kutoka kwenye chupa, aliyopewa na baba yake siku alipoajiriwa, na kila asubuhi anaichomeka mfuko wa kushoto wa shati. Kalamu yenyewe imezeeka, haijizuii tena. Haipiti wiki bila kuniletea shati jeupe lenye doa jeusi kifuani. Mimi nimefua mashuka ya hoteli na makoti ya madaktari, nimefua hata gauni la bibi harusi lililomwagikiwa mchuzi, na vyote vikatoka safi. Wino wa mume wangu ulinipiga chenga miaka yote hiyo. Nikimshauri anunue kalamu ya kawaida kama binadamu wengine, ananitazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi.

Ana sababu yake, nami naijua. Kila mtoto anayezaliwa huku kwetu, jina lake huandikwa kwa mkono kwenye daftari kubwa, kwa wino mweusi, na ndilo daftari linaloaminiwa hata kompyuta ikizimika. Miaka mitatu iliyopita, yeye akiwa likizo, mtu aliyemshikia nafasi alitumia wino wowote aliouona dukani. Mvua ikanyesha, paa la ofisi likavuja, ukurasa mzima ukageuka wingu la kijivu. Mama mmoja akaja kutafuta cheti cha mwanawe, akaonyeshwa lile wingu. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo akasukuma sahani pembeni, na kesho yake pia. Alisema yule mama alipitisha kidole juu ya karatasi kama anatafuta mlango.

Sasa mwaka huu alikuwa anastaafu, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Na wino wa stoo, ule uliokuwa unanitesa, ulikuwa umekwisha, na waliokuwa wakiutengeneza wameacha. Mkuu wa ofisi, mama mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, alimkabidhi chupa tatu za wino mweusi kutoka kwa wauzaji watatu.

"Chagua mmoja, mzee," alimwambia. "Utakaouchagua ndio tutakaoandikia ukishaondoka."

Basi nyumba ikawa maabara. Chupa tatu zilikaa juu ya meza ya chakula, chumvi yangu ikahamishiwa dirishani. Mume wangu alioga kwanza, akavaa miwani, akaandika maneno yaleyale kwenye vipande vitatu vya karatasi: mtoto huyu amezaliwa salama. Wino wa kwanza ulikuwa mweusi tii, ukateleza hata kalamu haikukwaruza. Wa pili ulichelewa kukauka na ukatambaa pembeni ya herufi. Wa tatu ulitoka umepauka, kisha ukakolea taratibu baada ya saa nzima.

"Huu wa kwanza," alisema, na macho yake yalikuwa laini kuliko yalivyokuwa siku ya posa yetu. "Lakini tusiharakishe. Lazima uonje jua wiki nzima, halafu maji."

"Na mahali pa kuanika?"

"Kamba si ipo?"

Kamba ilikuwepo, na ilikuwa ya kwangu. Akaning'iniza vipande vyake katikati ya mashuka ya hoteli, kwa vibanio vyangu vya nguo. Namba hakutaka kuziandika kwenye karatasi, eti wino mwingine utaharibu jaribio. Aliziandika kwa penseli kwenye vibanio: moja, mbili, tatu. Akasimama kuvitazama mpaka nikamwambia havitakimbia.

Siku ya nne wingu lilikuja ghafla mchana, yeye yuko kazini. Dobi akiona wingu haulizi swali. Nilikimbia uani, nikazoa mashuka, nikazoa vile vipande pia ili asije akaninunia, nikavitupia vibanio vyote kwenye ndoo moja. Jua liliporudi nikaanika upya. Vipande vitatu nilivirudisha palepale, tena kwa vibanio vilevile vyenye namba, nikajisifu kwa uangalifu wangu. Kipi kilikuwa na kibanio kipi, hilo halikunipitia kichwani. Mimi kibanio nakijua kwa kushika nguo, sikijui kwa kusoma.

Jumamosi alivilowesha vipande kwenye beseni. Viwili vilitoa moshi mweusi majini mpaka maneno yakapotea. Kimoja kilibaki kinasomeka chote, na kilikuwa kimening'inia kwenye kibanio namba moja. Mume wangu alicheka peke yake uani. Alikuwa ameupenda wino wa kwanza tangu mwanzo, na sasa maji yalikuwa yamekubaliana naye. Hakurudia kupima. Nani arudie kupima jambo lililotoka kama alivyotaka?

Jumatatu alianza kuuandikia. Jumanne aliandika mtoto wa binti yetu, mjukuu wetu wa kwanza wa kike, aliyepewa jina langu. Alirudi nyumbani anatembea kama mkuu wa gwaride, akaniambia jina langu limekaa mstari wa tisa, na herufi ya kwanza ameipa mkia mrefu ambao kanuni hairuhusu. Nilimwambia kwa umri wake aache utundu. Lakini nilifurahi, acha niseme ukweli. Kwenye daftari lolote la serikali jina langu halijawahi kupewa mkia.

Jumatano jioni akaniletea shati, na doa mahali pake pa siku zote.

Alhamisi asubuhi, yeye akiwa ameshaondoka, nililiingiza shati kwenye beseni la maji matupu, liloane tu kabla sijatayarisha limau, chumvi na dawa ya madoa. Nikaenda kuinjika maji ya moto. Niliporudi doa halikuwepo. Nilishika shati kwenye mwanga, nikaligeuza ndani nje. Jeupe pe. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa naisubiri siku hiyo, na kwa kitambo kidogo nilicheza hapo uani peke yangu, mtu mzima na bukta ya kufulia.

Halafu miguu ikasimama yenyewe. Nikayatazama maji meusi ya beseni. Nikaikumbuka kamba, wingu, ndoo ya vibanio. Nikaukumbuka mstari wa tisa.

Nilitia shati bichi kwenye mfuko wa plastiki, nikachukua zile chupa mbili zilizobaki, nikaenda ofisini nikiwa na kandambili za kufulia. Mume wangu alikuwa mezani kwake. Nililitandaza shati mbele yake, maji yakachuruzika mpaka sakafuni.

"Doa limetoka," nilisema.

"Hongera, mke wangu. Ndiyo maana umekuja mpaka huku?"

"Limetoka kwa maji matupu, baba watoto. Sabuni sijaigusa."

Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaitazama mifuko ya shati yote miwili, wa kushoto na wa kulia, kama vile doa lingekuwa limehama. Nikamweleza habari ya wingu na vibanio, yote, bila kujitetea. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hakunigombeza. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Majina kumi na tisa," na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Mkuu wa ofisi alikuwa amesimama mlangoni na amesikia kila kitu. "Daftari halichanwi karatasi," alisema. "Kila jina liandikwe upya kwenye nafasi iliyo juu ya lile la zamani, na sahihi pembeni. Lakini kwa wino upi?"

Hapo wote wawili wakanitazama mimi.

Nilivua kitambaa changu cheupe cha kichwa, kile kizuri, adhabu ni adhabu. Mume wangu akadondosha tone la chupa ya pili upande mmoja na tone la chupa ya tatu upande mwingine. Tukakianika dirishani mpaka watu walipotoka kwenda kula. Kisha nikaenda kwenye bomba la nyuma ya ofisi na sabuni ya mche, na limau nililoomba kwa mhudumu wa chai, nikafua. Sikuhurumia. Nilifua kama ninayelipwa na maadui zake. Tone la pili lilitoka mapema. La tatu nililisugua mpaka vidole vikachubuka, likanikodolea macho vilevile, jeusi, halina wasiwasi.

Nilirudi ndani, nikakiweka kitambaa mezani.

"Huu wa tatu umenishinda."

"Sijasikia vizuri," alisema mume wangu.

"Umenishinda."

"Mkuu, umesikia? Naomba iandikwe mahali."

Yule mama mwembamba akageukia dirisha ili tusimwone anavyocheka.

Mchana ule nilikaa pembeni yake kwenye kiti cha wageni, nikimsomea majina kutoka kwenye fomu za hospitali, naye akiyaandika upya moja baada ya jingine kwa wino wa tatu. Ulikuwa unatoka umepauka, na kalamu ilikuwa inakwaruza, akawa anakunja uso kama anayemeza dawa. Tulipofika mstari wa tisa hakusubiri nisome. Aliandika jina langu polepole, na mkia ule usioruhusiwa akaurudia wote.

Tulimaliza, tukasubiri saa nzima ukolee. Kisha akanisogezea daftari.

"Haya, dobi. Fanya kazi yako."

Nikamtazama mkuu wa ofisi, naye akaitikia kwa kichwa. Nililowesha kidole, nikakiweka juu ya jina la mjukuu wangu, lile la wino wa tatu, nikasugua, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu zangu zote za kazi, mpaka mkuu akasema, "Inatosha, mama, utatoboa karatasi."

Nilikitazama kidole. Kilikuwa safi.