Matofali Kumi ya Mama

Juzi, huko Mbunya, harufu ya udongo mbichi ilinirudisha kimawazo katika kambi ya wakimbizi ya utotoni mwangu, alasiri ile mama alipokuwa akifyatua matofali yake kumi ya kila siku.

"Mama Neema, kiwanja iko wapi?" jirani alimcheka.

"Kiwanja sijue. Ya leo ni kumi."

Nilidhani hajui kuhesabu kupita kumi. Nikamhesabia mwenyewe matofali ya nyumba nzima, pamoja na chumba cha baba, aliyekuwa akitetemeka kwa homa chini ya turubai. Leo najua mama alikuwa amehesabu mpaka mwisho, akaamua kubaki na kumi.

Jioni baba alikata roho. Kesho yake matofali yote aliyokuwa ameyakusanya yakatumika kujengea kaburi lake. Tulipotoka kuzika, mama alivua viatu, akaingia tena udongoni. Nilimhesabia kimya, mpaka kumi.