Nilitunga kanuni ya chakula, ya kwanza kunaswa akawa mama yangu

Wakuu, salamu ziwafikie popote mlipo. Kisa hiki kimenipata mimi mwenyewe, hapa Mikindani, Mombasa. Nimekiandika mara nne nikakifuta. Hii ya tano naituma ilivyo. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kweli, pamoja na yale yanayonitia aibu.

Ni kirefu kidogo, vumilieni.

Nina miaka ishirini na sita. Nafanya kazi kwenye yadi ya makontena Changamwe. Nasimama getini na karatasi, nalinganisha namba na sahihi. Kontena halitoki mpaka nione sahihi ya mtu ninayemjua, aliyepewa ruhusa na mtu mwingine ninayemjua.

Mimi ni mtu wa kuhakiki. Nikifunga mlango narudi kuushika. Nikituma meseji naisoma tena baada ya kuituma, nikitafuta kosa ambalo siwezi kulirekebisha. Chuo sikwenda. Ninachokijua nimejifundisha kwa simu, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu kwamba kuna ukurasa aliuruka.

Naishi na mama. Sisi ni Wakamba, alishuka huku kikazi kabla sijazaliwa. Majirani zetu, ukuta kwa ukuta, walikuwa Mzee Omari na mkewe Bi Mwanaisha, watu wa Pwani asilia. Mzee Omari ndiye aliyekuwa akichinja kwa ajili ya ploti nzima.

Kwa wasioijua Pwani: huku hata Mkristo akiwa na harusi, mbuzi huchinjwa na Mwislamu, ili kila jirani aweze kula. Hakuna anayejadili. Ni adabu tu.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Miaka mitatu iliyopita mimi na mama tulihama kanisa. Tukajiunga na kikundi kinachokutana ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kiongozi wake nitamwita Rabi Elkana. Alianza akiwa Mchungaji, akawa Mtume, na sisi tulimkuta ameshakuwa Rabi. Alifundisha kwamba sisi ndio Israeli waliopotea na lazima turudi kwenye Torati. Tulishika Sabato. Tulishona vishada kwenye pindo za mashati. Tulipuliza baragumu mpaka mwenye duka akapanda kuuliza kama kuna moto.

Msimwone tapeli. Baba alipofariki, kanisa letu la zamani lilituma kadi. Rabi Elkana alikuja mwenyewe, akakaa na mama kila jioni kwa mwezi mzima. Mama alirudi kucheka kwa sababu ya kile kikundi. Kumbukeni hilo, ndilo lililofanya mambo yawe magumu.

Na mimi nilizipenda sheria. Mtu mwenye wasiwasi ukimpa orodha ya kufanya na kutofanya, anapumua.

Nikajifundisha herufi za Kiebrania nikiwa getini, kati ya lori moja na jingine. Baada ya miezi mitano nilikuwa nasoma polepole, nusu yake bila kuielewa. Kikundi kizima hakuna mwingine aliyeweza, hata Rabi. Wakaanza kuniita mtaalamu. Nakiri, neno hilo lilinilewesha.

Rabi akanipa cheo: Mwangalizi wa Meza. Kazi yangu ilikuwa kuandika nini kiliwe na nini kisiliwe. Nikaokota PDF hapa, video pale, nikaunganisha. Zikatoka kurasa kumi na moja.

Kanuni ya saba ilisema hivi: nyama iliyochinjwa na asiye wa nyumba ya Israeli hailiwi. Atakayeila, jina lake litasomwa mbele ya kusanyiko, naye atakaa nje ya mlango Sabato saba.

Rabi aliipiga muhuri bila kuisoma mpaka mwisho. Nilimwona. Nikanyamaza.

Nyama yetu akawa anachinja Rabi mwenyewe, mbuzi akielekezwa Yerusalemu. Mwelekeo nilipima mimi kwa dira ya simu. Siku moja, kwa udadisi tu, nikapima na Makka. Wakuu, kutoka Mikindani zote ziko kaskazini. Nyoosha mkono, kunja ngumi, na ngumi moja inazifunika zote mbili. Niliifuta ile dira kwenye simu.

Bi Mwanaisha alikuwa na desturi ya kutuletea chakula kila Idd. Nilimweleza, kwa ukali ambao leo nauonea haya, kwamba mimi chakula chake basi.

Aliniuliza swali moja. "Ni nyama, mwanangu, au ni mkono wangu?"

Nikasema ni nyama.

Tangu siku hiyo sinia lilikuja na pilau ya mama, ambayo sikuwahi kumuuliza kama aliila, na kando yake bakuli dogo lenye mfuniko. Mbaazi za nazi, au viazi. Langu mimi. Nilijiambia lazima vimepikwa kwenye sufuria iliyopikiwa nyama. Sikuuliza. Nilikuwa nalipeleka nyuma ya nyumba na kumwaga.

Mwaka huu Mzee Omari alifariki.

Mama alishinda kwa Bi Mwanaisha siku zote tatu za matanga, akiosha vyombo na kupokea wageni. Mimi nilikwenda maziko, nikarudi. Siku ya tatu mtu wa kikundi chetu alipita pale, akamwona mama ana sahani ya pilau mkononi.

Jumapili yake Rabi akanipigia simu. "Kanuni umeiandika wewe, ndugu Kyalo. Sabato ijayo utasoma jina wewe mwenyewe. Tukimwachia mama yako, tutamwambia nani tena?"

Nikamuuliza mama kama alikula.

"Nilikula. Bi Mwanaisha hakuwa ametia kitu mdomoni siku mbili. Alikubali kula nikila naye. Ulitaka nimwambie nini, kanuni ya saba?"

Nikavuta kiti nikakaa.

"Basi soma jina langu," akasema. "Ila nje ya mlango pale ni ngazi. Unitafutie mto, magoti yangu unayajua."

Alisema kama mzaha, lakini alipogeuka kuosha vikombe nikaona anaosha kikombe kile kile mara mbili. Alikuwa anaogopa kuwapoteza wale watu. Na atakayemtoa ni mimi, kwa mwandiko wangu.

Jumatatu nikiwa kazini, dereva mmoja akaleta karatasi ya kutolea kontena. Imechapwa safi, namba zote sawa. Nikamrudishia.

"Kaka, kosa liko wapi?" akauliza.

"Kosa hakuna. Huyu aliyetia sahihi ni nani?"

"Ah, ameweka muhuri lakini."

"Muhuri hata mimi naweza kuchonga."

Nikajisikia nikisema hayo. Kwa miaka mitatu sijawahi kuiuliza ile ghorofa swali ninalomuuliza kila dereva.

Nikaamua kulifuata swali mpaka mwisho, liende linakokwenda. Kuna tovuti ambako Wayahudi huuliza marabi wao maswali. Nikaandika kwa Kiingereza, nikarekebisha mara tisa. Nikaeleza kila kitu: kikundi, kanuni, mama, pilau, msiba. Nikauliza kama mama ametenda dhambi.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Nilitarajia kurasa. Zilikuwa aya chache, za mtu mpole.

Alisema sheria za kuchinja walipewa Wayahudi, na mama si Myahudi, kwa hiyo hazimfungi. Mataifa mengine, kwa mafundisho yao, wana sheria chache za msingi, na kwa upande wa nyama wanachokatazwa ni kula iliyokatwa mnyama akiwa bado hai. Alisema yeye mwenyewe kama Myahudi asingekula pilau ile, lakini angekwenda kukaa na mfiwa. Akaongeza kwamba wanazuoni wao tangu zamani wanawahesabu Waislamu kuwa wanamwabudu Mungu mmoja, si sanamu, kwa hiyo nisiwawekee Wayahudi mdomoni maneno wasiyoyasema.

Kuhusu kuwa Myahudi, alisema ipo njia, ni ndefu, na mtu hupokelewa na baraza la watu watatu waliofundishwa. Hakuna anayelazimika kuifuata ili Mungu amkubali. Wao hawaendi kuwatafuta watu. Akasema anaiheshimu imani yetu, lakini kuiita Uyahudi si sawa.

Mwisho akaandika swali: mwalimu wako alifundishwa na nani?

Niliisoma kwenye benchi la yadi. Nusu yangu ilikuwa hasira. Nusu nyingine ilikuwa kama mtu amenitua mzigo ambao hakuna aliyewahi kunitwika.

Alhamisi nilitoka kazini moja kwa moja hadi kwa Rabi Elkana. Nikampa simu asome. Alisoma taratibu, akanirudishia.

"Huyu yuko mbali," akasema. "Hatujui sisi."

"Rabi, nakuuliza kwa heshima. Wewe nani alikufundisha?"

"Roho alinifundisha, Kyalo. Na wewe nani alikufundisha? Simu?"

Hapo alinipata. "Ndiyo, simu. Kwa hiyo sikufaa kuandika ile karatasi. Na wewe hukufaa kuipiga muhuri."

"Una akili nyingi, ndilo tatizo lako. Jumamosi utasoma jina, au nimpe mwingine?"

"Nitasoma."

Wakuu, siku mbili zile nilikula kidogo sana. Niliandika nitakachosema, nikakariri, nikachana, nikaandika tena. Lakini kusema nitasema, hilo sikulitikisa.

Jumamosi asubuhi ghorofa ilijaa. Mama alikaa safu ya nyuma karibu na mlango, na kweli alikuja na mto. Nikaitwa mbele. Nikasema kuna mtu amevunja uaminifu wa meza, na jina lake nitalisoma.

"Kyalo wa Mutua."

Watu wakatazamana. Nikaendelea. Nikasema niliandika sheria kwa jina la Wayahudi bila kumuuliza Myahudi hata mmoja. Niliandika kuhusu nyama ya Waislamu bila kumuuliza jirani aliyetulisha tangu nikiwa mtoto. Nikasoma jibu la yule rabi, lote, kwa Kiswahili, pamoja na swali la mwisho. Kisha nikasema kanuni ya saba naifuta kwa kuwa niliiandika mimi, na anayeitaka aitie sahihi upya kwa jina lake.

Nikaiweka karatasi mezani pamoja na kalamu.

Hakuna aliyeigusa. Rabi aliitazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Keti, Kyalo." Sikuketi. Nilikwenda nje ya mlango, nikakaa kwenye ngazi. Adhabu ilikuwa yangu.

Muda kidogo mama akatoka. Akanitupia ule mto.

"Kalia huo. Umesema vizuri, ila katikati uliharakisha maneno, watu wengine hawakusikia." Akakaa kando yangu. Nyuma yake wakatoka akina mama wawili, wakakaa ngazi ya juu. Mmoja akasema pilau ya matanga ya Mzee Omari hata yeye aliila, mbona hakuna aliyemwona. Tukacheka mpaka tukanyamazishwa kutoka ndani.

Mimi sijarudi tena. Mama huenda mara moja moja, na mlangoni hakuna anayemzuia. Karatasi zile hazikuonekana tena. Rabi bado anaitwa Rabi, ila nasikia ameanza kusema "kwa ninavyoelewa mimi", maneno ambayo hakuwa nayo. Namheshimu kwa hayo, na kwa ule mwezi aliokaa nasi.

Lakini deni langu kubwa halikuwa ghorofani.

Jumapili nikabisha kwa Bi Mwanaisha. Yuko eda, ile miezi ya mjane kukaa ndani, kwa hiyo nilisimama kizingitini, yeye akazungumza nami kutoka ndani, nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wasimama kama mgeni?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia na bakuli zile.

"Wamwaga zote?"

"Zote, Bi."

"Hata mbaazi za nazi?"

"Hata mbaazi."

"Hilo la mbaazi Mungu atakuuliza," akasema. Kisha nikamsikia akisogeza vyombo. Mkono ukatoka chini ya pazia, ukasukuma sufuria ndogo, mpya karibu, mshikio wake umefungwa uzi mwekundu. "Hii ni yako. Nliinunua siku ile uliyonambia nyama. Haijaonja nyama tangu itoke dukani. Na mwiko wake huu, ni mbali na miiko yangu. Sasa n'ifanyeni?"

Wakuu, mimi niliyeandika kurasa kumi na moja sikuwa na sufuria ya peke yake nyumbani kwangu. Aliyeishika kanuni yangu kwa miaka miwili, bila kukosea hata Idd moja, ni yeye.

Nikamwomba anipe.

Nilichojifunza: mtu akikuletea neno la Mungu, muulize kwa adabu kalipokea kwa nani. Na kabla hujamuuliza yeye, jiulize mwenyewe. Ukitaka kujua Wayahudi wanasema nini, waulize Wayahudi. Waislamu, mmoja wao yuko ukuta wa pili. Wasiwasi wangu haujaisha, bado narudi kuushika mlango. Lakini sitaandika tena sheria ya kumfunga mtu ambaye sijakaa naye kula.

Kila Ijumaa sasa napika mbaazi katika sufuria ile, nampelekea. Za kwanza ziliungua. Za pili alisema nazi haitoshi. Za juzi amesema zinakaribia. Katika jambo hilo namtii bila kubisha, kwa sababu nilimuuliza alifundishwa na nani, akanitajia mama yake, na bibi yake, na wa kabla ya bibi yake.

Haya, nimemaliza. Waliopitia vikundi kama hivi, Wayahudi kama wamo humu, na yeyote anayejua tui la kwanza linatiwa saa ngapi, nipeni maoni. Nitasoma yote, mara tatu kama kawaida yangu.