Oili Iliyodondoka Rasbura

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nimesimama kwenye mteremko wa Rasbura na kapu la samaki mkononi, natazama doa jeusi mlangoni kwa mwanamke mwingine, na kichwa changu hakielewi kitu. Jana umenijia na begi na simu yako, ukanionyesha picha ya mumeo amesimama kwenye kizingiti cha nyumba usiyoijua, ukaniuliza urudi kwake au usirudi. Sikukujibu, nawe ukanuna. Nilikuwa nalikumbuka doa lile. Kaa nikueleze, na hilo begi liweke chini, halitakimbia.

Marehemu mume wangu Saidi, Mungu amrehemu, alirithi gari kwa mjomba wake aliyefia Dar es Salaam. Lilikuwa gari la michezo, la zamani, jekundu, lenye viti viwili tu. Fikiria mwenyewe, viti viwili katika ukoo kama wetu! Tukitoka, mama mkwe anabaki barazani kanuna. Tena lilikuwa chini, ukikaa ndani mbuzi wa njiani anakutazama machoni. Stata ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kila asubuhi vijana wa jirani walilisukuma mpaka liwake, maana kwetu ni tambarare kama sinia, nami nikawa dirishani nacheka. Saidi alilipenda gari lile kwa namna ambayo mke kijana haipendi.

Basi likaanza kupoteza oili. Leo anajaza, baada ya siku chache kijiti cha kupimia kinatoka kikavu. Fundi Makota akaitwa. Akatandaza maboksi chini ya gari usiku kucha, asubuhi maboksi yakawa masafi. Akasema labda injini inaila, lakini moshi haukuonekana. Akaiosha injini kwa mafuta ya taa, akaikausha, kisha akaniomba unga wa muhogo. Unga wangu wa ugali, mwanangu! Akainyunyizia injini yote ikawa nyeupe, akasema panapovuja pataonekana kwa unga kulowana. Likasukumwa, likawashwa, likanguruma mpaka jirani akatoka kulalamika. Unga ukabaki mweupe vile vile. Fundi akajikuna kichwa. "Bwana Saidi," akasema, "mimi najua magari. Hili sijui ni nini." Saidi alikosa raha hata chakula hakimshuki, kwa kuwa injini ikikauka oili hufa, na hakuwa na uwezo wa kupata nyingine.

Siku zile zile ndipo nilipopita Rasbura. Doa lilikuwa bichi, kubwa kama ungo, mlangoni kwa Mwanahawa, fundi cherehani aliyekuwa ameachika karibuni. Na uzuri wake nisiufiche, alikuwa mzuri. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi ng'ambo ya barabara akaniita: "Dada, hiyo ni ya gari lenu. Shemeji huliegesha hapo kila jioni."

Mimi kila jioni niliambiwa kuwa bwana yuko kwenye bao. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa sijui nimepita njia gani. Dalili ya mvua ni mawingu, nikajisemea. Lakini kilichonichanganya zaidi ni oili yenyewe. Kwa nini gari lisidondoshe hata tone kwangu, likamwage yote kwa yule? Utacheka, lakini niliona hata gari limenisaliti.

Jioni nikampakulia Saidi chakula, akaniuliza mbona kimya, nikasema kichwa. Nilikasirika, nikaona haya, kisha nikakasirikia ile haya. Asubuhi nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nirudi kwa wazazi wangu Rondo. Nikapitia kwanza kwa kungwi wangu, Bi Tatu, aliyenifunda unyagoni, kumuaga. Kwetu mke kijana hamkabili mumewe kwa jambo kama hilo. Mwenye ruhusa ya kumuuliza ni kungwi, na mume hawezi kumfokea.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Na hilo furushi ni la nini?"

Nikamwaga yote, machozi na makamasi. Alinisikiliza huku akichambua mchele, hakuinua uso.

"Wewe umemuona mume, au umeona mafuta?"

"Mafuta, Bi Tatu, lakini..."

"Sikukuuliza lakini. Umeona mafuta. Basi nenda kaseme mafuta. Watu wanayatafuta mafuta hayo mpaka wamemaliza unga wako, nawe unajua yalipo, umeyafungia kwenye furushi! Habari ya mume niachie mimi, ndiyo kazi yangu. Usiseme usichokiona."

Yalinichoma maneno yale, mpaka leo nikiyataja yananichoma. Nikarudi. Fundi alikuwa chini ya gari, miguu tu nje, Saidi amechuchumaa pembeni.

"Oili yenu nimeiona," nikasema. "Iko Rasbura, mlangoni kwa Mwanahawa."

Saidi akanitazama. Mimi namwangalia kama ataona haya, yeye macho yamemtoka kwa furaha. Fundi akachomoka chini ya gari kwa haraka mpaka akajigonga paji la uso.

"Pale kwenye mteremko? Unaliegesha pua ikiangalia chini?"

"Ndiyo. Jioni pale nitampata wapi wa kunisukuma? Nikitoka kwenye bao, hapo jirani, naliachia linateremka, linawaka lenyewe."

Mwanangu, gari lisilo na stata huegeshwa mteremkoni. Nililijua hilo, nilicheka dirishani kila asubuhi! Lakini wivu ulikuwa umekaa mbele ya akili.

Tukaenda sote. Fundi akaweka gari pua chini, akanyunyiza unga, tukangoja. Mwanahawa akatoka na futi ya kupimia shingoni, kafura. "Mmelileta tena? Shemeji, nimekwambia mara ngapi? Wateja wananikanyagia hiyo oili wananichafulia vitambaa!" Kabla Saidi hajajibu, mstari mweusi ukajichora kwenye unga, mbele ya injini, pale kifuniko kinapokutana na chuma. Gasketi, kile kizibio chembamba cha kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepasuka. Gari likiwa sawa oili haiifikii, likiinama inakimbilia mbele na kutoka. Fundi alibadilisha gasketi, na gari halikudondosha tena.

Nami bado sikujua nishike lipi. Oili nimeielewa, mume je? Jioni Bi Tatu alikuja, akakaa na Saidi barazani, mimi jikoni nimetega sikio, sisikii kitu. Alipotoka alipita kwangu akasema neno moja tu: "Rudisha nguo kabatini."

Sikuuliza zaidi, na nikaishi na Saidi mpaka nikamzika. Nilipomwuliza, miaka mingi baadaye, kwa nini hakuniambia bao linachezwa wapi, alishangaa. "Hukuniuliza," akasema.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Sikwambii mumeo ni mwema, simjui moyo. Bi Tatu naye hakusema Saidi ni mwema kabla ya kumuuliza. Nakwambia sema ulichokiona, kiasi kile kile, usikipunguze kwa haya wala usikiongeze kwa hasira. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Umeona picha, basi nenda kamwonyeshe picha. La mume niachie mimi, kungwi wako. Nimeshavaa viatu, na leo jioni nitakuwa barazani kwenu.

Mungu akujaalie nyumba isiyovuja. Na ikivuja, akujaalie watu wa kuinama pamoja nawe kutazama chini yake. Amina. Haya, inua begi lako. Ukilifungua kesho, kwako au kwangu, iwe ni baada ya kuuliza na kujibiwa.