Sufuria Iliyokaa Kimya

Juzi mjukuu wangu Hodan alitia soseji za ng'ombe, viazi na kitunguu kwenye sufuria ya umeme, akafunika. "Awoowe, babu yangu, usifungue. Itajipika yenyewe polepole hadi jioni." Akaenda zake kazini.

Nyumba hii nimeijenga kwa mbuzi niliouza mwenyewe, shule sikuijua, na simwogopi mtu. Lakini sufuria ile haikutoa hata mlio, nami nikavuta kiti karibu nayo.

Alasiri moja kule Bura, nilipokuwa mtoto mdogo, shangazi alinikalisha kando ya chungu cha nyama na viazi. Ua ulinuka iliki na moshi. Ndani ya nyumba mama alikuwa akilia kwa sauti nisiyoijua.

"Chunga moto," shangazi aliniambia. "Mama yako akijifungua atakula hiki. Kisiache kuchemka, umesikia?"

Mimi nikaelewa kwamba chungu kikiacha kuchemka, mama atakufa. Nikakaa nikisikiliza kile kifuniko kikigonga-gonga, kama ndiyo pumzi yake. Mara mama akanyamaza. Na chungu nacho kikanyamaza.

Nikapuliza makaa mpaka majivu yakanijaa machoni, nikipiga kelele, "Hooyo, mama, kinachemka! Wallahi kinachemka!"

Ndipo mtoto mchanga akalia. Shangazi akachungulia mlangoni, akacheka. "Mjinga wewe, umepata dada. Lete supu."

Leo najua chungu hakimzuii mtu kufa. Hata hivyo, Hodan aliporudi jioni ile alinikuta nimetega sikio kwenye kifuniko.

"Awoowe, unasikiliza nini?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Mpigie dada yangu simu, aje tule."